Usiicheze leo: namna ya kuirudia albamu uliyoipenda ukiwa kijana

Kibanda changu kiko Mtwara mjini, na ukipita utaona vioo vya simu kuliko kitu kingine chochote. Lakini rafu ya juu nimeweka redio kaseti nne zinazofanya kazi, na watu wa rika langu wanajua. Wanakuja na kanda zimeviringishwa kwenye kitambaa, wanasema, "Fundi, hebu tuisikie kama bado ipo." Naiweka, inaimba, na dakika mbili hazijaisha mtu ameshakunja uso. Wimbo ndio huo, ila siyo huo. "Hivi ulikuwa hivihivi huu?" wananiuliza, kana kwamba nimewabadilishia.

Sijawabadilishia. Yalinikuta na mimi, tena kwa albamu niliyoipenda kuliko zote, na ilinichukua miaka kujua nilikosea wapi. Ndiyo maana naandika hapa namna ya kufanya.

Albamu yenyewe inaitwa Trace, ya bendi ya Son Volt, ilitoka Marekani mwaka 1995. Kwa asiyeijua: huku kwetu ukisema kantri watu wanawaza Jim Reeves, Kenny Rogers na Dolly Parton, nyimbo za Jumapili mchana baada ya wali. Hawa ni wengine. Ni vijana waliolelewa na roki, magitaa ya umeme yenye mkwaruzo, halafu wakarudi nyuma kuchukua fidla, banjo na lile gitaa la kulazwa linalopigwa kwa kipande cha chuma huku pedali zikikanyagwa. Nyimbo kumi na moja, dakika 42 hivi. Mwimbaji, Jay Farrar, anaimba kama mtu aliyeamshwa usingizini ambaye hana haraka ya kukujibu. Baba mdogo aliposikia mara ya kwanza aliniuliza, "Huyu Jim Reeves wako ana mafua?"

Alinirekodia mwalimu wa kujitolea, Mmarekani, aliyetufundisha fizikia nikiwa kidato cha tatu, mwaka 1998. Kanda nilipeleka mwenyewe. Ilikuwa ya dakika 90, na niliitoa kwenye sanduku la baba mdogo bila kumwambia. Kwa hiyo haikuwa tupu. Kumbuka hilo, tutalirudia.

Kabla ya yote, andika

Usiicheze leo. Najua iko kwenye simu, bando lipo, na vidole vinawasha. Tafuta karatasi kwanza, uandike unachokumbuka.

Usiandike "ilikuwa nzuri". Andika vitu: wimbo gani ulikuwa unauruka, ulikuwa umekaa wapi, mstari gani ulikuwa unauimba bila kujua maana yake, nani alikuwa anakufokea uzime. Sababu ni ya kifundi kabisa. Kichwa kinafanya kazi kama kanda: ukirekodi juu, cha chini hukipati tena. Ukishausikia wimbo leo, utaanza kuamini kwamba ndivyo ulivyokuwa ukiusikia siku zote, na ule wa zamani umekwenda.

Mimi niliandika nyuma ya kitabu cha risiti. Wimbo wa kwanza: upepo, na redio usiku. Wa tatu: kuna mwanamke mtakatifu anazuia maji. Wa nne: kelele, nilikuwa nauruka. Wa tano: ufukwe (kichwani mwangu ufukwe huo ulikuwa Shangani, pale wanapoegesha mitumbwi). Mwisho wa upande: tangazo la kifo. Nilipoandika hilo la mwisho nilicheka peke yangu, na kijana wangu wa kazi akadhani nimepokea muamala.

Tafuta nakala yako

Sikusema tafuta albamu, maana albamu iko kila mahali. Mwaka 2015 Trace ilitolewa upya, ikasafishwa sauti, wakaongeza rekodi za majaribio na shoo waliyopiga New York mwaka 1996. Ni nzuri, na siku moja utaisikiliza. Lakini hiyo hakuna mtu wa Mtwara aliyewahi kuipenda akiwa na miaka kumi na saba. Ulichokipenda ni ile nakala yako, na kasoro zake zote. Anza nayo.

Kama ilikuwa CD, kazi ni ndogo. Osha kwa maji na sabuni kidogo, futa kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, usizungushe. Kama ilikuwa zile CD za nyimbo mia na hamsini za kuchomewa stendi, pole, nyingi zimekufa, tutaonana kwenye aya ya mwendo.

Kama ilikuwa kanda, kaa chini.

Usiitie kwenye redio bado. Ishike kwenye mwanga wa dirisha, uangalie kwenye kile kioo cha katikati. Utepe mzima, ukingo wake unang'aa kama sahani iliyopakwa mafuta. Ukiona weupe umekaa juu yake kama unga wa muhogo, huo ni ukungu. Sisi wa Mtwara mjini, Mikindani na Lindi tunao sana kwa sababu ya unyevu wa bahari. Kanda zinazoshuka kutoka Newala huko juu huwa safi kuliko zetu, hata kama zina umri ule ule. Ukiicheza kanda yenye ukungu, tabaka zake zimeshikana, utepe unakatika, na ule unga unabaki kwenye hedi, kile kipande cha chuma ndani ya redio kinachosoma utepe, ukisubiri kanda ya jirani.

Yangu ilikuwa nao, upande mmoja. Nilitoka nje nikajifunga kitambaa puani, maana ule si unga wa kuvuta. Ganda la kanda yangu lilikuwa la kugundishwa, halina skrubu, kwa hiyo nilihitaji ganda lingine la kuhamia. Nikachukua kanda ya kujifunza Kifaransa ambayo mteja hakurudi kuichukua tangu sijui lini, hiyo ilikuwa na skrubu tano. Kwenye yangu niliingiza kisu chembamba kwenye mshono, kona moja, kona ya pili, polepole, hadi ikaachia.

Hapa sikiliza vizuri: ganda likishaachia, kila kitu kibaki kimelala. Ukiinamisha tu, utepe unamwagika kama tambi. Utepe unapita sentimita 4.76 kila sekunde, na upande mmoja ni dakika 45. Piga hesabu mwenyewe, ni zaidi ya mita 128 za tambi, na hakuna mkubwa wala mdogo nyumbani atakayekusaidia kuzirudisha.

Ndani utakuta vibiringi viwili vya utepe, karatasi laini juu na chini, virola viwili kwenye kona, na pale mbele katikati kipande cha sponji kimekaa juu ya kibati chembamba cha shaba. Hicho kisponji ndicho kinachousukuma utepe uguse hedi. Changu kilikuwa kimebanduka, kimelala pembeni kama jino la mtoto. Kanda ikikosa kisponji inaimba kama imefunikwa na mto wa kulalia, na watu wanaitupa wakidhani imechoka. Haijachoka. Imepoteza kitu cha ukubwa wa punje ya mahindi.

Nilifuta ukungu kwa kitambaa cha miwani, huku nazungusha kibiringi kwa kalamu ya Bic, ukingo wa juu kwanza, kisha nikageuza kwa uangalifu nikafuta wa chini. Kitambaa kikavu. Spiriti ni ya hedi na kile kigurudumu cha mpira ndani ya redio, futa hadi pamba itoke nyeupe. Utepe wenyewe usiuwekee. Nikaangalia na belti ya redio. Belti za zamani zinayeyuka zinakuwa kama lami, na ukiigusa utanawa siku mbili. Kisha nikahamisha utepe wangu kwenye ganda la Kifaransa, nikafunga skrubu tano. Kwa hiyo leo Trace yangu imeandikwa kwa nje "Somo la 7 hadi la 12", na sina mpango wa kuibadilisha.

Ukiwa na haraka unaweza kumpa mtu akuhamishie. Mimi niliwahi, miaka ya nyuma, kwenye duka moja Dar. Nikarudishiwa CD safi, imekatwa vizuri, nyimbo kumi na moja na namba zake. Nitakuambia baadaye walichonifanyia.

Mwendo

Hapa ndipo wateja wangu wanapokwama, na ndipo nilipokwama mimi.

Mwaka ule 1998 nyumbani Nanyamba hatukuwa na umeme. Redio yangu, National ya betri nne kubwa, niliinunua kwa hela ya korosho. Betri zilikuwa shida, hasa masika. Daraja la Mkapa, la mto Rufiji, lilikuwa halijajengwa, lilikuja kufunguliwa 2003. Mvua zikichanganya barabara ya Dar inakufa, na sisi Kusini tunabaki kama watu wa kisiwani, tunangoja meli. Betri zikiisha madukani unafanya alichofanya kila mtu: unatoa zile zilizokufa, unazianika juani juu ya bati, jioni zinafufuka kidogo. Zinafufuka kweli, ila kinyonge. Mota inazunguka, lakini haifikishi. Mafundi wenzangu watasema mota ina kidhibiti mwendo. Ndiyo, hadi betri zishuke vya kutosha. Baada ya hapo kidhibiti hakina cha kudhibiti.

Mimi Trace nzima niliisikia kwa betri za kuanika.

Sasa mwaka 2016 nikapata simu ya maana, nikaitafuta albamu, nikaisikia kwa mara ya kwanza tangu kanda ilipofichwa kabatini. Sikuipenda. Farrar alikuwa na sauti nyepesi, nyimbo zinakimbia kama abiria anayewahi basi la saa kumi na mbili alfajiri. Nikajiambia utoto umeisha, nikaifuta. Miaka yote hiyo nikaamini kwamba mimi ndiye niliyebadilika.

Mwaka jana, nilipomaliza ile kazi ya ukungu, nilifanya jaribio. Ile National bado ninayo. Nikaiunga kwenye pawa ya kibandani ninayoweza kushusha volti kwa mkono. Volti 6, ndizo betri nne mpya: wimbo wa kwanza unakimbia vilevile kama kwenye simu. Nikashusha. Tano na nusu, tano. Hakuna kitu. Nikaendelea kushusha kidogo kidogo, hadi pale mota ilipoanza kuchoka, na ghafla Farrar akatulia, akawa yule mtu niliyemjua, na nywele za mikono zikanisimama. Nikachukua saa. Wimbo ambao kwenye rekodi ni dakika mbili na sekunde 58, kwangu ulichukua dakika tatu na sekunde 8. Yaani utepe ulikuwa unapita sentimita 4.5 kwa sekunde badala ya 4.76. Kwenye kinanda, hiyo ni karibu hatua moja nzima kutoka kibonyezo kimoja hadi cha pembeni yake. Sikio halikuwa limesahau.

Wewe huna pawa ya volti, sawa. Fanya hivi. Tafuta programu ya kuchezea muziki yenye kubadili mwendo, ushushe hadi asilimia 95 au 96. Lakini angalia: programu nyingi zinarefusha wimbo bila kushusha sauti, na hiyo haikusaidii kitu. Unataka ile inayopunguza mwendo na sauti kwa pamoja, kama mota iliyochoka. Wale wenye redio ya kaseti yenyewe, mota nyingi zina kitundu kidogo nyuma, ndani kuna skrubu. Ingiza bisibisi nyembamba uzungushe kama unayegusa jicho. Na kama redio yenu ya zamani ilikuwa inakimbia badala ya kuchoka, wengine ilikuwa hivyo, panda badala ya kushuka.

Cheza kwanza kwa mwendo wako wa zamani, mara moja, nzima. Mwendo halisi wa wanamuziki uuache hadi siku nyingine. Usizifanye zote siku moja, moja itaifuta nyenzake.

Kukaa na kusikiliza

Hapa sina mengi. Usisikilize ukiwa kazini, usisikilize ukiendesha bodaboda. Zima data. Mimi nilikaa ukumbini saa tatu usiku, nikamwambia mama watoto asiniite, akasema, "Nikuite ukafanye nini?"

Jambo moja tu: usiruke wimbo, hasa ule uliokuwa unauruka.

Wimbo wa nne wa Trace unaitwa Route. Una magitaa ya umeme yamekaza, na mimi mtoto wa fidla na gitaa la kulazwa nilikuwa siutaki. Lakini kubonyeza kitufe cha kupeleka mbele kunakula betri kuliko kucheza. Kwa hiyo nilikuwa naitoa kanda, naizungusha kwa Bic kwa makadirio, mizunguko niliyoihesabu, narudisha. Nilikuwa sipatii. Kila mara nilitua ndani ya wimbo wa tano, sekunde ishirini, thelathini zimeshapita. Miaka yote ya kanda sikuwahi kuusikia mwanzo wa wimbo wa tano, ambao ndio niliokuwa nausifia kwa wenzangu.

Nilipoukuta mwanzo wake, huo polepole, magitaa yanaingia kama mtu anayetafuta swichi gizani, nilijisikia mjinga. Na Route nao ukawa wimbo ninaoupenda kuliko yote kumi na moja, lakini kwa mwendo halisi tu. Kwa mwendo wa betri za kuanika unaburuza miguu. Wimbo wa kwanza ni kinyume, huo mimi nitaendelea kuusikia kwa dakika tatu na sekunde nane hadi nife, wenyewe wanisamehe.

Maneno, mwishoni

Usisome mashairi kabla hujamaliza hayo yote. Kiingereza changu cha kidato cha tatu kilikuwa cha fizikia: naelewa "mass", naelewa "velocity". Kilichobaki nilijijazia, na nilichojijazia ni mali yangu. Nilitaka kwanza kukikuta kikiwa kizima.

Baadaye nilimwita binti yangu mkubwa, aliyemaliza kidato cha sita, tukakaa na maneno kwenye simu yake.

Wimbo wa kwanza unaitwa Windfall. Mimi nilikuwa nausema "upepo umeanguka". Binti akasema, "Baba, ni kitu unachokipata bila kukitolea jasho. Asili yake ni tunda lililoangushwa na upepo." Nikamwambia, mwanangu, hiyo si korosho? Korosho hatuchumi. Unasubiri bibo lianguke lenyewe, unapita chini ya mkorosho asubuhi na ndoo, unaokota. Redio yenyewe niliyoisikilizia huo wimbo niliinunua kwa vilivyoanguka. Alinitazama kama ninayetunga.

Kuna sehemu moja ya wimbo huo sikuhitaji kutafsiriwa hata zamani. Dereva yuko njiani usiku, anapata stesheni ya AM, yaani masafa ya kati, kutoka Louisiana, na inasikika kama mwaka 1963. Farrar wakati huo alikuwa akiishi New Orleans, na kwenda kwa wenzake wa bendi kule juu Minnesota ni kuendesha gari karibu urefu mzima wa nchi. Hilo la redio kila mtu wa Kusini mwenye umri wangu analijua. Mchana masafa ya kati yanaishia karibu, kwa sababu tabaka la chini la anga linameza mawimbi. Jua likizama tabaka hilo linatoweka, mawimbi yanapanda hadi lile la juu, yanagonga na kurudi chini mbali sana. Sisi usiku tulikuwa tunapata Kireno cha ng'ambo ya Ruvuma kikiingia na kutoka kama mtu anayepumua. Mwalimu aliponieleza kwa nini, alichora ubaoni. Na ndiyo siku aliyoniambia, leta kanda nikurekodie kitu.

Wimbo wa tatu, yule mtakatifu anayezuia maji, nilipatia nusu. Sainte Genevieve ni mtakatifu, ndiyo, lakini pia ni mji wa zamani wa Wafaransa, jimbo la Missouri, kando ya mto Mississippi. Mwaka 1993 mto ule ulifurika vibaya, watu wakapanga mifuko ya mchanga kuuokoa mji. Maana yake, kwa maneno yangu: maji yanaweza kuzuiwa, machozi ya mtu hakuna mtakatifu anayeyashughulikia. Mei 2024, mvua na kimbunga Hidaya vilipoikata barabara ya Lindi na Dar kule Somanga, nilikuwa narudi na boksi la vioo vya simu mapajani. Tulilala njiani. Kondakta alikuwa anatuambia "kesho asubuhi, wazee wangu" kila akiulizwa. Binti aliponisomea ule ubeti nilikumbuka kona ile ya lami imeliwa kama mkate, na maji yanapita katikati yametulia kabisa, hayana habari na mtu.

Wa tano ndio ulioniumiza. Unaitwa Ten Second News. Ufukwe wangu wa Shangani haumo. Mwimbaji anaendesha kwenye barabara kuu ya 44 na anataja "beach" inayojulikana kwa saratani. Missouri haina bahari. Lakini kando ya barabara hiyo, karibu na St. Louis, palikuwa na mji mdogo ulioitwa Times Beach. Barabara zake zilikuwa za vumbi, na miaka ya 1970 walimlipa mtu amwage mafuta machafu ili vumbi litulie. Mafuta yale yalikuwa yamechanganyika na taka za kiwandani zenye sumu ya dayoksini. Mwaka 1983 serikali ikaamua kuununua mji mzima, watu wakahamishwa. Sasa mimi nilikuwa naimba huo wimbo nikiwa na furaha, nimekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, miguu mchangani.

Je, nimeacha kuiona Shangani? Hapana. Zinakuja zote mbili sasa, mitumbwi kwanza, halafu mji usio na watu. Nilidhani kujua kungenifutia. Labda kungefuta, kama ningesoma kabla ya kusikia.

Historia ya bendi yenyewe unaweza kuisoma kwa dakika tano. Farrar alikuwa na bendi ya kwanza, Uncle Tupelo, ya Belleville, Illinois, na mwenzake Jeff Tweedy. Walivunjika 1994, Tweedy akaunda Wilco, Farrar akaunda Son Volt, akamchukua Mike Heidorn, mpiga ngoma wao wa zamani, na ndugu wawili, Dave na Jim Boquist. Dave ndiye wa fidla na banjo. Mashabiki wa Marekani bado wanabishana nani alishinda. Huo ubishi hauna faida kwa mtu wa Mtwara, ni Simba na Yanga ya watu wengine.

Mwisho wa upande

Ukishamaliza, ihifadhi kwenye kompyuta. Waya kutoka tundu la hedifoni la redio hadi kwenye kompyuta, programu ya Audacity ni ya bure, weka sauti ya kuingia iwe chini kuliko unavyodhani. Kanda irudishe kwenye boksi lake, na vile vifuko vya kukausha unyevu unavyokuta kwenye boksi za viatu vipya, usivitupe, weka viwili humo.

Na usikate mkia.

Lile duka la Dar walikata mkia. Wimbo wa mwisho wa Trace si wa Farrar, aliuazima kwa Ron Wood wa Rolling Stones, aliyeutoa 1974. Unaisha ukiwa mpole. Albamu ni dakika 42, upande ni 45. Mwalimu alipobonyeza kuzima, kilichobaki kwenye kanda ni kile baba mdogo alichokuwa amerekodi kabla: alikuwa anarekodi kipindi cha muziki wa dansi redioni, akasinzia, kanda ikaendelea hadi kwenye matangazo ya vifo. Kwa hiyo kwangu mimi wimbo unaisha, kinapita kimya cha pumzi mbili, kisha anaingia mtangazaji katikati ya sentensi, anawataarifu ndugu walioko Nachingwea na Masasi kwamba mazishi yatafanyika kesho saa saba mchana, habari ziwafikie na wengine. Kisha kanda inagota, tap. Nilivyosikiliza ile CD ya dukani, na hata ile ya kwenye simu, wimbo wa mwisho ukiisha nilikuwa nabaki nimekaa, sijui nasubiri nini.

Binti yangu aliomba nimtumie faili. Nikamtumia nzima, kwa mwendo wangu. Kesho yake asubuhi akaja jikoni nikiwa nakunywa chai.

"Baba, ule mwisho. Marehemu ni nani?"

"Simjui. Jina lilifutika, mwalimu alirekodi juu yake."

"Sasa mbona hujaukata?"

Nikamwambia aisikilize tena hadi mwisho, mara kumi hivi, halafu aje aniambie kama yeye angeukata.